Kupe wa kandokando ya ziwa: je, wamebeba bakteria na vimelea ambavyo bado havijajulikana?

Ndama_wa_Magu

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba maarifa, hasa kutoka kwa wenzetu wa maabara, wa tiba ya binadamu na wa tiba ya mifugo.

Mdogo wangu anachunga ng'ombe wa familia wilayani Magu, upande wa kuelekea ziwani. Masika yaliyopita alitolewa kupe wengi miguuni na kinenani, baadhi yao wadogo kiasi cha kudhaniwa kuwa vumbi. Haikupita wiki moja akashikwa na homa, kichwa kikali na maumivu ya misuli ya shingo, akatoka mtoki, na pale alipoumwa pakabaki vidonda viwili vyenye kigaga cheusi ambavyo havikumuuma sana. Zahanati walimpima malaria kwa kipimo cha haraka, hakuwa nayo. Wakampima Widal, wakamwambia ana taifodi. Alitumia dawa za taifodi bila nafuu ya kueleweka, na aliporudi akaambiwa kwamba sasa damu yake ni safi. Homa ilikwisha taratibu, lakini mpaka leo analalamika uchovu.

Nimesoma kwamba huko Marekani, Ulaya na Japani wataalamu wanazidi kugundua bakteria na vimelea vipya ndani ya kupe, na kwamba baadhi yao walikuwa wakiwaletea watu maradhi kwa miaka mingi kabla ya kupewa jina. Swali langu ni hili: inawezekana kwamba kupe wetu, ambao tunaishi nao zizini na malishoni tangu enzi za mababu, wamebeba kitu ambacho hakuna maabara iliyowahi kukitambua? Na kama inawezekana, mtu wa kawaida atatofautishaje ugonjwa usio na jina na ugonjwa wenye jina ambao haukupimwa? Kuna mtu amenishauri nipeleke damu nje ya nchi ikapimwe Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe, kwa gharama ambayo ingenilazimu kuuza ng'ombe. Sijui kama nimsikilize.

Hadubini_Nyamagana

Ndugu Ndama, pole sana kwa kuuguliwa. Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo nitajikita upande wa vipimo, na ya dawa nitawaachia wenye dhamana.

Majibu ya kwamba damu ni safi yana maana finyu kuliko anavyodhani mgonjwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini za kimelea cha malaria, basi. Hata damu hiyo ingekuwa imejaa bakteria wa aina kumi, kipimo hicho kisingesema lolote, kwa sababu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Widal nacho kinatafuta kingamwili dhidi ya salmonela, bakteria wa taifodi, na kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki tangu maambukizi ya zamani au kuwa zimechochewa na kitu kingine kabisa. Ndiyo maana huku kwetu watu wengi wenye homa isiyoeleweka huondoka na jina la taifodi. Kwa maneno mengine, mdogo wako hakupimwa ugonjwa wowote wa kupe. Hatuwezi kusema kwamba vipimo vilishindwa kuona kitu ambacho havikukitafuta.

Sasa tazama dalili ulizoandika: homa ndani ya siku saba hivi, kichwa, shingo, mtoki, na vigaga vyeusi zaidi ya kimoja mahali palipoumwa. Mtu yeyote aliyesoma magonjwa ya kupe barani Afrika akisikia maelezo hayo, jambo la kwanza litakalomjia ni homa ya kupe ya Afrika, inayosababishwa na bakteria aitwaye Rickettsia africae. Anabebwa na kupe wa jamii ya Amblyomma, na kwetu hasa ni Amblyomma variegatum, yule kupe mkubwa mwenye mgongo wa rangirangi anayependa kung'ang'ania kwenye kiwele na kinena cha ng'ombe. Watoto wa kupe huyo ni wadogo mno, huvamia kwa makundi, na mama huwarithisha bakteria kupitia mayai. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida si wa kuua, na wengi hupona hata wasipotibiwa, jambo ambalo linalingana na ulivyoeleza. Sisemi kwamba ndio uliompata, kwa sababu hakuna aliyempima. Nasema kwamba ugonjwa unaojulikana unaofanana hivi haujaondolewa mezani, na haifai kumrukia asiyejulikana kabla ya kuuondoa.

Historia ya bakteria huyo inajibu nusu ya swali lako. Katika miaka ya 1930, Adrianus Pijper wa Afrika Kusini alisema wazi kwamba homa hii ni tofauti na homa ya madoa iliyojulikana kandokando ya Bahari ya Mediteranea. Hakukubaliwa, na kwa zaidi ya nusu karne wagonjwa wote wakahesabiwa chini ya jina la ule ugonjwa mwingine. Mwaka 1992 Patrick Kelly na wenzake walitoa taarifa ya kumpata bakteria huyo kwa mgonjwa wa Zimbabwe, na mwaka 1996 ndipo akapewa rasmi jina alilonalo. Wachungaji wa ng'ombe walikuwa wakiumwa naye muda wote huo. Kwa hiyo, ndiyo, inawezekana kabisa bakteria akawa anawaletea mamilioni ya watu maradhi na asiwe na jina. Lakini zingatia kwamba huyu hakuwa amejificha, alikuwa amefichwa na jina la mwingine.

Kuna na papasi, ambaye watu humsahau kwa sababu hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Hukaa katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa nusu saa hivi bila maumivu makubwa, kisha hurudi ufani. Mtu huamka asijue kwamba aliumwa. Homa yake huja kwa siku chache, hukatika kwa takribani wiki, kisha hurudi. Msababishi ni Borrelia duttonii, bakteria wa umbo la uzi uliosokotwa, aliyepewa jina la Joseph Dutton, ambaye alifariki kwa homa hiyo hiyo Kongo mwaka 1905 akiwa katika kazi ya kuichunguza. Robert Koch, bingwa wa Kijerumani wa elimu ya bakteria, wakati huo akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliwaona ndani ya mayai ya papasi. Kwenye slaidi ya damu nzito iliyotiwa rangi ya Giemsa, bakteria huyu huonekana akiwa katikati ya chembe za damu, ilimradi damu imechukuliwa wakati homa imepanda na msomaji ana subira. Kipimo cha haraka cha malaria kimetusaidia mno, sikiponde, lakini kimetuondolea jicho lililokuwa likikutana na vitu ambavyo halikutumwa kuvitafuta.

Mwalimu_Baiolojia_Ilemela

Nashukuru kwa maelezo ya Hadubini, ila naona ameegemea mno upande mmoja. Mwenye mada ameuliza kuhusu visivyogunduliwa, naye amejibiwa kuhusu visivyopimwa. Ni maswali mawili, na la pili halilifuti la kwanza.

Tazameni mifano ya karibuni. Borrelia miyamotoi alitambuliwa ndani ya kupe wa Japani mwaka 1995, akachukuliwa kuwa kiumbe wa kupe tu. Taarifa za watu walioumwa naye zilitoka Urusi mwaka 2011. Neoehrlichia mikurensis alipewa jina mwaka 2004, nalo limetokana na kisiwa cha Mikura cha Japani, na mwaka 2010 akapatikana kwa mgonjwa wa kwanza, mzee wa Sweden aliyekuwa na saratani ya damu na homa zilizokuwa zikimrudia bila sababu kuonekana. Borrelia mayonii alielezwa mwaka 2016 kutokana na wagonjwa wa majimbo ya kaskazini ya Marekani, nchi ambayo ilikuwa ikichunguza ugonjwa wa Lyme tangu miaka ya 1970. Kama katika nchi yenye maabara kila mji bakteria mpya anaweza kukaa kimya muda wote huo, ni nani anayeweza kuapa kwamba pale Magu, Kwimba au Ukerewe hakuna kitu?

Tena hapa Tanzania ushahidi upo. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya watafiti waliofanya kazi vijijini katikati ya nchi, wakaeleza aina ya borelia ambayo haikuwa imetambuliwa kabla, nao walimpata katika papasi na katika damu ya watoto, wakiwemo watoto ambao hawakuwa na homa. Hapo ni Dodoma, palipokuwa na hospitali na watafiti waliozoea kuutafuta ugonjwa huo. Ukanda wetu una ng'ombe wengi, una nyumba za udongo, una wanyama wa porini upande wa Serengeti. Ramani ya vijidudu inafuata walipo watafiti kuliko inavyofuata walipo kupe.

Hadubini_Nyamagana

Mwalimu, sina ugomvi na wewe katika hilo la ramani. Sentensi yako ya mwisho ningeitia saini. Ila mfano wako wa Dodoma ndio unaonipa wasiwasi wangu mkubwa, na nashukuru kwamba umetaja wale watoto wasio na homa.

Siku hizi njia ya kumkuta kijidudu mpya ni nyepesi kuliko zamani. Badala ya kumwotesha, jambo ambalo riketsia (bakteria wa jamii ya Rickettsia) hulikataa kwa sababu huishi ndani ya seli tu, unasaga kupe, unatoa vinasaba, kisha unatafuta jeni iitwayo 16S ambayo bakteria wote wanayo, kila aina kwa tofauti zake ndogo. Unalinganisha na zilizokwisha kusajiliwa. Ukikuta isiyolingana na yoyote, umekutana na mgeni. Hivyo ndivyo alivyopatikana yule wa mzee wa Sweden.

Tatizo ni kwamba kupe mmoja hukutolea orodha ndefu. Ndani yake kuna bakteria wake mwenyewe ambao wanamsaidia kuishi, kwa kuwa damu peke yake haina vitamini zote anazohitaji. Wapo wanaofanana na Coxiella na Francisella, bakteria wanaoleta magonjwa kwa binadamu, kiasi cha kumtisha msomaji wa majibu, ilhali hawana habari na binadamu. Kupe wa Ulaya anaye hata bakteria anayeishi ndani ya mitokondria za seli zake. Tena kuna mabaki ya damu ya ng'ombe aliyenyonywa jana, pamoja na vijidudu vya ng'ombe huyo. Ukichapisha orodha hiyo kwa kichwa cha habari kwamba kupe wa Mwanza wana bakteria wapya kadhaa, utakuwa hujasema uongo, na utakuwa umewatia watu hofu bila kuwaambia chochote kuhusu homa zao.

Kutoka hapo hadi kusema kwamba bakteria fulani anawaletea watu maradhi kuna safari: apatikane katika damu ya wagonjwa, asipatikane kwa kiwango hicho hicho kwa wazima, aondoke pale mgonjwa anapopona, na ikiwezekana aoteshwe. Wale watoto wazima wa Dodoma wenye borelia wanaonyesha kwamba hata bakteria wa kundi linalojulikana kuwa la hatari anaweza kukutwa kwa mtu asiyeumwa. Sasa mtu huyo akipata homa ya mafua siku hiyo, tutamtwika borelia?

Nami nina hesabu moja ambayo huniongoza. Hospitalini Moshi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa kati ya 2007 na 2008. Wagonjwa 528 walihesabiwa na waganga kuwa na malaria. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14. Walipopimwa magonjwa mengine, yakajitokeza leptospira, brusela, homa ya Q na riketsia za homa ya madoa, na hizo riketsia peke yake zilikuwa kwa takribani wagonjwa 8 katika kila 100 waliopimwa. Hayo ni ya Kilimanjaro, siyahamishii Mwanza kwa kalamu. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa jipya kwa sayansi. Kumbuka pia Lindi mwaka 2022: nchi nzima ilizungumza juu ya ugonjwa wa ajabu wa watu kutokwa damu puani, na vipimo vilipokamilika ikawa ni leptospira, homa ya Mgunda, bakteria anayejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tabibu_Usagara

Naingia kwa ufupi kuhusu Lyme, kwa sababu naona kuna mtu anataka kuuza ng'ombe. Usiuze. Lyme inaambukizwa na kupe wa jamii ya Ixodes ambao makao yao ni nchi za baridi za kaskazini, na kwa Afrika ni zile za Mediteranea. Kupe hao hawako Magu. Kipimo chake kinatafuta kingamwili, na kingamwili za borelia wetu wa papasi zinaweza kukitatanisha kikaleta majibu ya uongo. Utalipa fedha nyingi upate jibu litakalokupoteza zaidi.

Huyo kijana apelekwe kwa daktari wa hospitali kwa ajili ya uchovu wake, aelezwe habari ya kupe na vigaga bila kufupisha, na aangaliwe wingi wa damu, sukari, kifua kikuu na brusela, hasa kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Homa ikimrudia, damu ichukuliwe kabla hajameza kidonge chochote. Doksisaiklini ndiyo dawa ya riketsia na ya homa ya papasi pia, ila iandikwe na mganga. Amoksilini na seftriaksoni, ambazo kila mwenye homa siku hizi anachomwa au anameza, haziiwezi riketsia.

Jambo moja la haraka kwa wote: mtu aliyeumwa na kupe, au aliyechinja mnyama mwenye kupe, akipata homa na kuanza kutokwa damu kwenye fizi, puani au chini ya ngozi, asikae nyumbani kusubiri, na wanaomhudumia wasishike damu yake kwa mikono mitupu. Kuna virusi vya homa ya Kongo na Krimea, navyo vinaambukiza kutoka kwa mtu hadi mtu.

DaktariMifugo_Sengerema

Mwadila, ndugu zangu. Nimechelewa kuuona mjadala huu, na nimeshangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyemtaja ng'ombe isipokuwa kwa kumuuza.

Mfugaji wa kawaida wa Usukumani anayajua magonjwa ya kupe kuliko zahanati nyingi. Atakutajia ndigana kali, ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo, na atakuonyesha tezi iliyovimba chini ya sikio la ndama kabla hujafungua mkoba. Hao wote ni vijidudu vya kupe: ndigana kali na kukojoa damu husababishwa na vimelea, na hayo mawili mengine ni bakteria. Maji moyo hubebwa na huyo huyo Amblyomma aliyetajwa na Hadubini. Kwa hiyo pale anapokuwapo ng'ombe mwenye maji moyo, kupe anayeweza kumletea mchungaji ile homa ya vigaga yupo. Sijapata kuona zahanati inayouliza hali ya mifugo nyumbani kwa mgonjwa wa homa, na swali hilo halina gharama.

Kuhusu vimelea hasa, kwa kuwa mjadala umeegemea bakteria: kimelea cha ndigana kali kina kisa ambacho Mwalimu atakipenda. Miaka ya 1897 na 1898, Koch akiwa Dar es Salaam, alivitazama kwenye hadubini vimelea vidogo ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe. Alivihesabu kuwa hatua mojawapo ya kimelea cha kukojoa damu, ambacho Wamarekani walikuwa wamekwisha kukieleza. Mwaka 1904 Arnold Theiler, kule Transvaal, Afrika Kusini, ndiye aliyeonyesha kwamba ni kimelea cha peke yake, na leo kinaitwa Theileria parva. Mtu mwenye jicho kali kuliko wote wa zama zake alikuwa amekikodolea macho.

Nalitaja hili kwa sababu ya babesia, jamaa ya kimelea hicho. Babesia akiingia kwa binadamu hukaa ndani ya chembe nyekundu kwa umbo la pete, na msomaji wa slaidi aliyechoka atamwandika kuwa malaria. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alipatikana Yugoslavia mwaka 1957, mtu aliyekuwa ameondolewa wengu. Kwa hiyo ningemuuliza Hadubini: ni slaidi ngapi zenye pete, huku kipimo cha haraka kikisema hakuna malaria, zinazowekwa kando na kutazamwa tena? Mimi nikitaka kumtafuta mgeni, ningeanza na hizo.

Mwaka 2007 ilichapishwa kwamba Borrelia duttonii amepatikana katika kuku na nguruwe wa Mvumi, Dodoma, baada ya kuaminiwa kwa karibu karne nzima kwamba hana makao mengine ila binadamu na papasi. Bakteria hakuwa mpya. Makao yake ndiyo yaliyokuwa hayajulikani, na kwa mtu anayelala nyumba moja na kuku hiyo ni habari nzito kuliko jina jipya.

Hadubini_Nyamagana

Daktari, umenishika. Slaidi za namna hiyo, mahali pengi, huandikwa tu kwamba majibu yanapingana, kisha mgonjwa hupewa dawa mseto kwa tahadhari. Kuzihifadhi kunahitaji kisanduku na daftari, na wala si fedha za mradi. Nitalipeleka suala hili kwa wenzangu.

Ndama_wa_Magu

Nawashukuru wote, na ng'ombe amesalimika. Nimeelewa kwamba kijana alipimwa vitu viwili tu, na kwamba vilivyosalia ni vingi kabla ya kufika kwa asiye na jina. Kesho nitampeleka hospitali pamoja na maelezo haya.

Naomba jambo moja la mwisho kwa Daktari wa Mifugo. Tukitoa kupe mwilini mwa mtu, huwa tunampaka mafuta ya taa au tunamchoma kwa kijinga, kisha tunamsaga kwa kucha. Ikiwa siku moja mtafiti atataka kumjua kupe aliyemuuma mtu, tumhifadhi vipi?

DaktariMifugo_Sengerema

Acheni mafuta ya taa na kijinga. Kupe anayesumbuliwa anaweza kutapikia jeraha yale yaliyomo tumboni mwake. Mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni taratibu bila kupinda mpaka aachie, kisha osheni mahali hapo kwa sabuni. Msimsage kwa kucha, kwa sababu ya virusi alivyovitaja Tabibu.

Mtieni katika kichupa kidogo chenye spiriti ya asilimia 70 na kuendelea, mzima, na kila mtu awe na kichupa chake. Fomalini haifai, kwa kuwa huharibu vinasaba. Ndani ya kichupa wekeni kipande cha karatasi chenye tarehe, kijiji, sehemu ya mwili alikotolewa, na kama alitoka kwa mtu au kwa ng'ombe. Andikeni kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti.